Timu Yenu Kivipi?

Kibanda tunachotazamia mpira kiko nyuma ya stendi ya matatu. Mabati juu, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi hamsini, na mechi ikiwa kubwa ni mia. Jumapili moja Arsenal ilikuwa imepoteza mechi ambayo hata mwenye kibanda, ambaye hajali mpira bali kiingilio, alikuwa ameihesabu kuwa ushindi. Nikaanza kulalamika kwa sauti. Mbona tumemuuza fulani, mbona hatujasajili mshambuliaji, tutajifunza lini. Jamaa mmoja shabiki wa Man U, ambaye nimemjua tangu siku za chuo, akanigeukia na kuniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Hiyo timu yenu, yenu kivipi? Una hisa ngapi?"

Kibanda kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, kwani ningefanya nini? Lakini swali hilo nilienda nalo nyumbani, na sijaweza kuliweka chini tangu siku hiyo. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni mpira. Ya pili nitaifikia.

Nilijaribu kumjibu kwa mdomo wake mwenyewe. Wewe je, una hisa ngapi za Man U? Akasema anaweza kununua hata kesho, kwa sababu klabu yake inauzwa kwenye soko la hisa la New York tangu 2012. Kweli. Ila hisa zinazouzwa kwa watu kama yeye zina kura moja moja, na zile ambazo familia ya Glazer ilijiwekea zina kura kumi kila moja. Ananunua kiti kwenye basi ambalo usukani umefungwa upande wa abiria mwingine. Hilo halikumsumbua. Alisema angalau angekuwa na karatasi.

Basi tuzungumze kuhusu karatasi.

Oktoba 2017 Arsenal ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka. Wakati huo bado kulikuwa na wanahisa wadogo, watu wenye hisa moja au mbili, na wengine waliokuwa wameunganisha pesa kupitia mpango ulioanza 2010 wa kununua kipande cha hisa kidogo kidogo, jinsi mtu anavyolipia seti ya sufuria kwenye chama. Klabu nzima ilikuwa na hisa 62,217 tu. Mmarekani Stan Kroenke alikuwa na asilimia 67 hivi, na tajiri wa Kirusi Alisher Usmanov asilimia 30. Waliobaki waligawana makombo. Lakini makombo hayo yaliwapa haki ya kuingia ukumbini mara moja kwa mwaka, kusimama na kuuliza.

Mwaka huo walikuwa na hasira. Ilipofika zamu ya kuwarudisha kwenye bodi mwenyekiti Chips Keswick na Josh Kroenke, mtoto wa mwenye mali, watu waliinua mikono, na mikono ikakataa. Ndipo kura zikahesabiwa upya, safari hii kwa hisa badala ya mikono, na wote wawili wakarudi kwenye viti vyao. Ukumbi uliojaa watu ulisema hapana, na mtu mmoja akasema ndiyo, na ndiyo yake ilikuwa nzito kuliko ukumbi.

Agosti mwaka uliofuata Kroenke alikubaliana na Usmanov kununua fungu lake. Sheria ya kampuni ya Uingereza inasema mtu akitoa ofa ya kununua hisa, na akapata asilimia 90 ya zile alizozitolea ofa, anaweza kuzichukua zilizobaki kwa lazima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila hisa ililipwa paundi 29,419.64. Ukitaka, ukikataa, hela inakuja na hisa inaondoka. Kwa hesabu ya soko hakuna aliyedhulumiwa, maana bei ilikuwa nono. Na bado kuna watu waliolipwa kiasi hicho cha pesa wakajiona wameibiwa. Nimejaribu kuwacheka nikashindwa. Mtu aliyeweka hisa moja kwenye fremu sebuleni hakuwa anangoja faida. Alikuwa anashikilia haki ya kusimama ukumbini.

Mama yangu ni mwanachama wa sacco ya wafanyabiashara wa soko. Hajawahi kusikia jina la Kroenke, lakini tatizo hili analielewa kuliko mimi. Kwenye sacco, mwenye akiba ya elfu ishirini na mwenye akiba ya milioni moja wote wana mkono mmoja. Mwenye nyingi anapata gawio kubwa zaidi, hilo ni haki yake, lakini hapati mkono wa pili. Nilipomweleza habari ya Arsenal aliuliza swali moja tu: "Sasa walikuwa wanaita watu mkutano wa nini?" (Sitaki mtu adhani sacco ni mbinguni. Kuna mikono inayonunuliwa kwa soda na pakiti ya unga, na mwenyekiti wao yuko pale tangu nikiwa darasa la nne.)

Lakini kuna pingamizi ambalo lazima nilitazame usoni, kwa sababu ndilo jamaa yangu alikuwa analisema bila kulisema. Kwa nini shabiki awe na sauti yoyote? Kupenda si kumiliki. Mimi napenda mgahawa wa chapati wa pale kona, lakini sidai kukaa na mwenye mgahawa akipanga bei ya unga. Mtu ametoa mamilioni, wewe umetoa koo lako. Kwani koo ni rasilimali?

Jibu nililonalo nimelikopa kwa mwanauchumi Albert Hirschman, mmoja wa watu wachache kutoka mihadhara ya chuo waliokataa kunitoka kichwani. Mwaka 1970 aliandika kwamba mtu asiyeridhika na shirika ana njia mbili: aondoke, au aseme. Mimi chapati zikiharibika naenda kona ya pili. Shabiki hana kona ya pili. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema Gor Mahia imenichosha, kuanzia leo mimi ni Ingwe. Mwenye klabu anajua huyu haendi popote, atalipa kiingilio kipya, atanunua jezi mpya kila mwaka. Mtu asiyeweza kuondoka, ukimnyima na kusema, umembakisha na nini? Sauti ya shabiki haitokani na upendo wake. Inatokana na kufungwa kwake, na wenye klabu wanavuna kutokana na kufungwa huko.

Sikatai kwamba mimi niliye Nairobi nimefungwa kwa kamba ndefu kuliko mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka Highbury. Yeye aanze kusema. Mimi nitasubiri.

Tukikubali kwamba asikike, tunafika penye ugumu wenyewe. Asikike vipi? Hawezi kuingia bodini na watu elfu sitini. Lazima amtume mmoja.

Swansea, kule Wales, walifanya hivyo vizuri kuliko karibu klabu nyingine yoyote ya Uingereza. Mwaka 2001 klabu ilikuwa karibu kuzama kwa madeni, na mashabiki wakaunda chama chao, wakachanga, wakanunua hisa. Mei 2003 timu iliponea kushuka nje kabisa ya ligi kwenye mechi ya mwisho dhidi ya Hull. Miaka minane baadaye ilikuwa Ligi Kuu. Mwaka 2013 ilibeba Kombe la Ligi kwa kuichapa Bradford 5-0. Wakati wote huo chama cha mashabiki kilishika asilimia 21 hivi ya klabu na kilikuwa na mkurugenzi wao, aliyechaguliwa na wao, mezani na wengine. Watu walisafiri kwenda kujifunza Swansea.

Halafu 2016 wanahisa wakubwa waliamua kuuza kwa Wamarekani wakiongozwa na Steve Kaplan na Jason Levien. Mazungumzo yalikuwa yameshafika mbali kabla ya chama cha mashabiki kuambiwa. Asilimia 68 ilihama. Chama kililalamika kwamba kulikuwa na makubaliano ya wanahisa na hayakuheshimiwa, na mgogoro huo ulichukua miaka hadi wakapatana 2022. Kufikia wakati huo timu ilikuwa imeshashuka daraja, 2018.

Kilichonishika hapa si kwamba walishindwa kwa kura. Asilimia 21 kushindwa na 68 ni hesabu. Kilichonishika ni kwamba walikuwa na kiti, na maamuzi yakahama chumba. Kiti kilibaki pale pale, na meza ikaenda kwingine.

Na hata meza ikibaki, kuna shida nyingine ambayo watu wa mpira hawaipendi kuizungumzia. Kisheria, mkurugenzi akishaketi si wa waliomchagua tena. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, ambayo imefuata sana ile ya Uingereza ya 2006, inamtaka mkurugenzi afanye kile anachoamini kitaifaa kampuni, na atumie akili yake mwenyewe. Analosikia kule ndani ni la kule ndani. Kwa hiyo mashabiki wanamchagua mwenzao mwenye mdomo mkali kuliko wote, wanambeba mabegani hadi mlangoni, anaingia, na mdomo unabaki nje.

Niliwahi kukaa kwenye kiti cha aina hiyo. Hii ndiyo sababu ya pili.

Mwaka wa pili chuoni darasa langu lilinichagua kuwa mwakilishi, na kupitia hapo nikajikuta kwenye kamati iliyozungumzia karo. Nilikuwa mwanafunzi peke yangu kati ya watu wazima tisa. Kulikuwa na chai, mandazi na posho ya kikao, shilingi elfu moja mia tano, unaweka sahihi unapewa bahasha. Kikao cha pili kiliamua kwamba mwanafunzi mwenye salio hatapewa kadi ya mtihani, na kwamba tarehe ya mwisho ingesogezwa mbele kwa wiki mbili kuliko ilivyozoeleka. Tangazo lingetoka baadaye. Niliuliza kama naweza kuwaambia wenzangu wajipange. Mwenyekiti alinijibu kwa upole, nafikiri kwa nia njema kabisa: "Kijana, ukiwa hapa wewe si wa darasa. Wewe ni mjumbe wa kamati. Yaliyosemwa hapa yanabaki hapa."

Nilijisikia mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko kunyamaza kwenyewe. Nilitoka pale nikijiona mtu mwenye siri za serikali.

Tangazo lilibandikwa siku nne kabla ya tarehe. Mimi nilikuwa nimejua kwa wiki tatu. Katika wiki tatu mtu anaweza kuuza mbuzi, kumpigia mjomba simu, kubembeleza basari ya kaunti. Kwa siku nne huwezi kufanya lolote. Wenzangu kadhaa hawakukaa mtihani, na mmoja wao alikuwa jamaa tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja hosteli. Alifunga sanduku akaenda nyumbani "kwa muda". Hakurudi. Muhula uliofuata karo iliniishia mimi pia, na niliacha chuo. Nikisimulia huwa naacha watu wadhani niliacha kwa msimamo. Niliacha kwa salio.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema lolote kuhusu mjumbe anayefika, anakunywa chai ya waliotumiwa ujumbe, na kusahau aliyemtuma.

Kwa hiyo mashabiki wa Ujerumani walipochachamaa mwishoni mwa 2023, mimi niliwafuatilia kama mtu anayetazama kesi yake mwenyewe. Ujerumani wana kanuni wanayoiita 50+1, tangu 1998: mwekezaji anaweza kuingiza pesa, lakini kura nyingi kwenye kampuni ya mpira lazima zibaki kwa klabu mama, yaani kwa wanachama. Ndiyo maana Aprili 2021, Arsenal na wenzao watano wa Uingereza walipokimbilia ile Super League iliyokufa kwa siku tatu, Bayern, ambao asilimia 75 ya kampuni yao ni ya klabu ya wanachama, hawakuwemo. Kanuni ina matundu, sikatai. Leipzig wameifuata kwa herufi huku wanachama wao wenye kura wangetosha ndani ya matatu moja ukibana kidogo.

Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura kuhusu kuleta mwekezaji kwenye mapato ya ligi. Zilihitajika kura 24. Zikapatikana 24 kamili. Sasa, Hannover ilikuwa inawakilishwa na Martin Kind, na klabu mama ilikuwa imemwagiza apige kura ya hapana. Kura ilikuwa ya siri. Ukihesabu klabu zilizotangaza hadharani kwamba zimekataa, na ukijumlisha Hannover, hesabu ya 24 inakuwa ngumu kueleweka. Kind hakutaka kusema alipigaje. Mashabiki nchi nzima walianza kurusha mipira ya tenisi uwanjani, mechi zikawa zinasimama, wachezaji wa mamilioni wakiokota mipira ya tenisi kama watoto wa kulipwa, na Februari 2024 ligi ikaachana na mpango mzima.

Angalia kilichowakasirisha. Kama kila mmoja angepiga kura hadharani na mwekezaji akapita, wangenung'unika na maisha yangeendelea. Walikasirika kwa sababu mtu alikuwa na maagizo na haikuwezekana kujua kama aliyatii. Uwakilishi ambao aliyekutuma hawezi kuukagua unakuwa kitu kingine, hata kama ndani ya chumba ulifanya jambo zuri.

Hapa najua wakili atanikatiza. Ataniambia siri nyingine ni za lazima. Ni kweli. Klabu ikitaka kumnunua mshambuliaji, mkurugenzi wa mashabiki akiitangaza bei ya juu kabisa kwenye kibanda, kesho yake muuzaji anaijua. Siri hiyo naielewa, inailinda klabu dhidi ya mpinzani aliye nje. Lakini tarehe ya karo haikuwa na mpinzani. Hakuna chuo cha jirani kilichongoja kuiba ile tarehe. Walioitegemea ni wale wale waliofichwa. Kuuzwa kwa Swansea kulihusu mashabiki wa Swansea. Kwa hiyo mtu akikuambia mezani kwamba jambo hili ni siri, nadhani swali la kwanza ni: tunamficha nani? Ukiona unayemficha ndiye aliyekutuma, una haki ya kusimama na kusema, hili siwezi kulibeba, andikeni kwenye kumbukumbu kwamba nimekataa kulibeba. Halafu uende zako bila bahasha.

Ni rahisi kuandika hivyo nikiwa na miaka ishirini na sita na chai yangu mwenyewe.

Kwetu hali imegeuzwa. Gor Mahia na AFC Leopards zimekuwa klabu za wanachama tangu miaka ya sitini, hakuna Kroenke wa kuzipokonya, na bado katika miaka ya hivi karibuni zote mbili zimewahi kufungiwa kusajili na FIFA kwa ajili ya wachezaji wasiolipwa. Umiliki wa watu haukuwalipa. Shabiki wa kwetu anamwonea wivu wa Dar es Salaam. Kule Simba walichagua njia ya katikati: Desemba 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, yeye asilimia 49, wanachama 51. Kwenye karatasi wanachama ndio wakubwa. Lakini muulize mwanachama yeyote wa Simba mishahara inategemea mfuko wa nani, halafu umuulize tena nani mkubwa. Silaumu upande wowote. Nasema tu kwamba hata hiyo mbili ya ziada inahitaji watu wa kuitumia, wanachama wanaosoma hesabu kabla ya mkutano, na wajumbe wanaorudi matawini kusema walichokisikia. Mtu akishika asilimia 51 na hajui kilichoamuliwa jana, ana asilimia ngapi hasa?

Jumapili iliyofuata nilirudi kibandani. Jamaa alikuwa benchi lile lile. Huyu wa Man U, mwenye swali la hisa, ndiye tuliyelala naye chumba kimoja. Sasa anauza spea za pikipiki, na hatujawahi kuizungumzia ile siku, miaka sita. Mechi ilikuwa imefika dakika za nyongeza. Nikamwambia nikiwa natazama skrini kwamba ile tarehe ya karo, niliijua wiki tatu kabla.

Hakunigeukia.

"Nilijua ulijua," akasema. "Ile siku ya kikao ulirudi na chips kuku za watu wawili. Wewe ulikuwa unatoa wapi pesa ya chips kuku?"

Kisha akamwita mwenye kibanda aongeze sauti.